Daftari, Matrikule na Simu: Historia ya Kumbukumbu Kamatanda na Likasi

Kamatanda, mtaa na machimbo ya shaba na kobalti yaliyo pembezoni mwa mji wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, ni mahali ambapo habari za madini zimeandikwa mara nyingi, ilhali habari za karatasi zilizoyafuata madini hayo, yaani majina, namba, vipimo, madeni na risiti, zimekuwa zikitajwa pembeni tu. Wataalamu wa zama hizi huzungumzia mzigo wa taarifa, kwa maana ya hali ambapo mtu hupokea habari nyingi kuliko anavyoweza kuzichambua na kuzitumia. Dhana hiyo ilienezwa na mwandishi wa Marekani Alvin Toffler katika kitabu chake cha mwaka 1970, na mwaka uliofuata mwanauchumi Herbert Simon aliieleza kwa jicho la kihasibu zaidi, akisema kwamba taarifa hula umakini wa anayezipokea, na kwa hiyo zikizidi, umakini ndio unaoadimika. Maelezo hayo yanamchukulia mtu kuwa mpokeaji aliyeketi ofisini mwake huku barua zikimjia. Likasi inaonyesha upande wa pili wa jambo hilo, kwa kuwa kwa zaidi ya karne moja mkazi wake amekuwa akiandikwa na wengine kabla ya yeye mwenyewe kuandika lolote, na shida yake ya kujipanga imekuwa, kabla ya shida nyingine zote, kupata nakala yake.

Kutunza na kupanga taarifa hakukuja Katanga pamoja na wino. Kaskazini ya eneo la Likasi, katika dola ya Waluba, chama cha watunza historia kilichoitwa Mbudye kilitumia lukasa, yaani ubao mdogo wa kuenea mkononi, mwembamba kiunoni na mpana kwenye ncha zake mbili, uliopambwa kwa shanga, simbi na michoro ya kuchongwa. Msomaji aliushika ubao huo kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga huku akisimulia nasaba za wafalme, njia za safari za mababu, mahali patakatifu na mpangilio wa vyeo vya baraza. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, waliochapisha utafiti mkubwa juu ya sanaa hiyo mwaka 1996, walieleza kwamba ubao uleule ungeweza kusomwa kwa namna tofauti kulingana na tukio, hadhira na ujuzi wa msomaji, na kwamba ujuzi huo ulipatikana kwa mafunzo ya hatua kwa hatua ndani ya chama. Shanga hazikuhifadhi kila kitu, wala hazikukusudiwa kufanya hivyo. Zilimpa aliyefunzwa mahali pa kuanzia, kisha yeye akachagua la kusema na la kunyamazia kwa siku ile. Maafisa wa kikoloni walioandika katika ripoti zao kwamba nchi hii haikuwa na kumbukumbu walikuwa wakitafuta makabati, na kwa kuwa hawakuyaona, wakaridhika.

Karibu zaidi na Kamatanda, katika nchi ya Wasanga na majirani zao, hesabu ya mali ilibebwa na shaba yenyewe. Shaba iliyoyeyushwa katika matanuri ya udongo wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, ilimiminwa katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama fedha katika biashara na katika mahari mbali sana na machimbo ilikotoka. Mtawala Msiri, aliyetoka Unyamwezi na kujenga makao yake Bunkeya, aliitawala biashara hiyo kwa miongo kadhaa hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kupitia misafara ya pembe na shaba ya wakati huo, Kiswahili kiliingia Katanga, na baadaye kikawa lugha ya kambi, ya kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, na ya karani.

Karatasi iliingia kwa nguvu baada ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kuundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka huohuo ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga, chombo cha kuandikisha wafanyakazi kutoka vijijini na kuwapeleka migodini na kwenye ujenzi. Mtu aliyepitia mikononi mwa chombo hicho aliacha kijijini ukoo uliomjua kwa jina la baba na la babu, akaingia kambini akiwa na matrikule, yaani namba ya utumishi ambayo ingemfuata katika malipo, hospitalini, katika adhabu na kaburini. Kitabu cha kazi kilionyesha amefanya kazi wapi na kwa muda gani, na hati ya kuhama ndiyo iliyompa ruhusa ya kutoka eneo moja kwenda jingine. Aliyekutwa mjini bila karatasi hizo aliweza kurudishwa alikotoka.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili sera yake, ikaacha kutegemea vibarua wa muda mfupi na kuanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao kambini kwa mikataba mirefu zaidi, mpango ulioitwa kuimarisha nguvukazi. Kwa upande wa kumbukumbu, mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu faili iliyokuwa ya mtu mmoja sasa iligeuka kuwa faili ya nyumba nzima. Posho, yaani mgao wa chakula, ilitolewa kwa kuhesabu mke na watoto, na kwa hiyo ilibidi ndoa ithibitishwe na kila mtoto aandikwe; kliniki za kampuni ziliwapima watoto uzito; shule zilifuatilia mahudhurio; na kapita alipeleka habari za aliyekosa zamu. Likasi, iliyoitwa Jadotville tangu mwaka 1931 kwa heshima ya Jean Jadot, mkuu wa Société Générale ya Ubelgiji, ilikuwa mojawapo ya miji ya Afrika ya Kati iliyoandikwa kwa kina kuliko mingi, mji ambao ofisi ya kambi ya Panda au ya Shituru ingeweza kujua ni watoto wangapi walilala katika nyumba fulani bila mtu wa ofisi hiyo kupiga hodi.

Utaratibu huo ulisifiwa na waliouendesha, na ni kweli kwamba ulikuwa na upande wake wa neema, kwa maana mtoto aliyeandikwa alitibiwa na alikula. Hata hivyo mfanyakazi hakuwa na njia ya kuona kilichoandikwa juu yake, wala ya kukisahihisha. Wakati wafanyakazi wa Jadotville na Elisabethville walipogoma mwezi Desemba 1941 wakidai nyongeza ya mshahara, huku bei za bidhaa zikiwa zimepandishwa na vita, walipigwa risasi na askari; kampuni iliyojua uzito wa watoto wao haikuwa na safu katika daftari zake ya kuandika malalamiko. Vyama vya wafanyakazi vya Waafrika havikuruhusiwa wakati huo.

Mwaka 1957 kampuni ilianza kuchapa Mwana Shaba, gazeti la wafanyakazi lililowaletea habari za migodi, michezo, afya na matumizi ya nyumbani. Gazeti hilo, lililoendelea hata baada ya kampuni kutaifishwa, lilizoeza kaya za kambini kupokea taarifa zilizopangwa tayari kila toleo, na kupitia kurasa zake wakazi walijifunza namna kampuni ilivyotaka nyumba iendeshwe. Lakini kandokando ya maandishi ya kampuni kulikuwa na maandishi mengine. Mwaka 1965 huko Elisabethville, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga, kwa ajili ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Maandishi hayo yalipigwa taipu na kurudufishwa bila mchapishaji, na mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian aliyachapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Yav hakufuata mpangilio wa vitabu vya shule. Alipanga historia kwa namna watumishi walivyoikumbuka, kwa majina ya mabwana, mitaa, mateso na vifo, na kwa kufanya hivyo aliwapatia watu wa tabaka lake jambo ambalo faili ya kampuni haikuwapa kamwe, yaani nakala ya maisha yao iliyo mikononi mwao wenyewe.

Kampuni ilipotwaliwa na serikali kuanzia Januari 1967 na hatimaye kuwa Gécamines, matrikule, posho, hospitali na shule viliendelea. Kilichobadilika ni uthabiti wa vitu vinavyoandikwa. Jadotville ilikuwa imerudishiwa jina la Likasi mwaka 1966. Nchi yenyewe ikawa Zaire mwaka 1971. Na mwaka 1972 sera ya uhalisi ya Rais Mobutu iliwataka wananchi waache majina ya Kikristo na kuchukua majina ya Kiafrika, jambo lililomaanisha kwamba kitabu cha kazi, cheti cha ubatizo na faili ya hospitali vya mtu mmoja vilianza kutaja majina mawili tofauti, na ni matrikule peke yake iliyobaki kuthibitisha kwamba ni mtu yuleyule. Kuna kejeli ndani yake: namba iliyokuwa alama ya kunyang'anywa utu ikawa kitu cha kuaminika kuliko jina.

Fedha nayo ilikataa kukaa mahali pamoja. Mwezi Desemba 1979 noti za zaire 5 na za zaire 10 ziliondolewa ghafla katika mzunguko, na walioweka akiba nyumbani walipoteza kiasi kikubwa. Mwaka 1993 ilikuja zaire mpya, moja ikiwa sawa na zaire 3,000,000 za zamani, na mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Mtu aliyekuwa na daftari la madeni lililoanza mwaka 1990 alihitaji, kufikia mwisho wa muongo, kugawa hesabu zake kwa mamia ya mabilioni ili kujua jirani anadaiwa nini, na haishangazi kwamba wengi waliacha kuandika kwa fedha za nchi na kuanza kuandika kwa dola za Marekani au kwa magunia ya unga. Katikati ya hayo, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu, na kituo cha reli cha Likasi kikawa kambi ya waliosubiri treni kwa muda mrefu katika hali mbaya ya maradhi na njaa. Asili ya mtu, ambayo utawala wa kikoloni ulikuwa umeizoesha kuandikwa katika kila hati, ilitosha kuamua nani abaki na nani aondoke.

Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliofika takriban tani 476,000 mwaka 1986, ulishuka chini ya tani 40,000 katikati ya miaka ya 1990, na mishahara ikachelewa kwa miezi mingi. Mwaka 2003, kwa fedha zilizotolewa na Benki ya Dunia, ulianza mpango wa kuondoka kwa hiari ambao uliwatoa kazini zaidi ya watu 10,000 kwa malipo ya mkupuo, na kwa miaka mingi baadaye wengi wao waliendelea kudai kwamba haki zao hazikuhesabiwa sawasawa. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa tayari, mwaka 2001, ameita kitabu chake juu ya familia hizi kwa jina linalowataja kama wana wa shaba walioachwa na baba yao. Katika madai ya namna hiyo bahasha ya karatasi iliyotunzwa nyumbani, yenye hati za mshahara, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua za kupandishwa cheo, ilipata thamani ambayo haikuwa nayo wakati ofisi ilipokuwa hai, kwani mdai bila karatasi alilazimika kutegemea kumbukumbu za mdaiwa wake.

Ni katika mazingira hayo ndipo uchimbaji wa mikono ulipoenea Kamatanda na kwingineko katika maeneo ya Gécamines yaliyokuwa yamelala. Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ilimtambua mchimbaji mdogo kwa masharti, kwamba awe na kadi ya mchimbaji, achimbe katika eneo lililotengwa na auze kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. Mwaka 2003 ikaundwa idara ya serikali ya kuwahudumia wachimbaji hao, SAESSCAM, ambayo tangu mwaka 2017 inaitwa SAEMAPE. Kwa hakika kazi iliendeshwa kwa daftari. Timu ya wachimbaji huhitaji unga, tochi, sululu, kamba na dawa kabla ya kupata hata kilo moja ya mawe, na mara nyingi anayetanguliza gharama hizo ni mfanyabiashara wa kati, ambaye machimboni huitwa negosiani. Ukurasa wa daftari lake kwa kawaida hubeba tarehe, jina la utani la kiongozi wa timu, vitu vilivyotolewa na bei ya kila kimoja. Siku madini yanapopimwa, jumla ya ukurasa huo hukatwa kwanza, na kinachobaki ndicho hugawanywa kati ya wachimbaji, waoshaji na wabebaji. Daftari ni moja, na hulala kwa mwenye fedha.

Vivyo hivyo katika depo, yaani nyumba ya kununulia madini. Bei huandikwa ubaoni kwa ngazi, kila asilimia ya kobalti au shaba ikiwa na thamani yake kwa kilo, na kiwango hicho cha madini ndani ya mawe hupimwa kwa kifaa cha mkononi cha mionzi kinachojulikana kotekote katika ukanda huu kwa jina la Metorex. Mpimaji hukielekeza kifaa kwenye sampuli, namba hutokea kwenye kioo kidogo kwa sekunde chache, naye huitamka. Wachimbaji wamelalamika kwa miaka mingi kwamba kifaa hicho hushikwa na mnunuzi, husomwa na mnunuzi, na kwamba namba inayotamkwa huenda si ile iliyotokea. Mizani nayo hushukiwa kwa sababu hiyohiyo. Tofauti ya asilimia moja hushusha gunia kutoka mstari mmoja wa ubao hadi mwingine, na hakuna karatasi inayobaki mkononi mwa aliyelichimba.

Simu ya mkononi ilidhaniwa kwamba ingeondoa upofu huo, na kwa sehemu imeuondoa. Katika miaka ambayo simu za mezani na posta zilikuwa zimekufa, familia za Katanga zilitegemea foni, yaani vituo vya redio ya masafa marefu ambako mtu alilipa ili kuita jamaa aliye mji mwingine, akizungumza mbele ya wote waliosubiri zamu. Mitandao ya simu za mkononi ilienea baada ya mwaka 2000, na mwaka 2012 Vodacom ilileta M-Pesa nchini Kongo. Ujumbe mfupi unaothibitisha kutuma au kupokea fedha ulikuwa, kwa wakazi wengi wa mitaa kama Kamatanda, risiti ya kwanza maishani mwao ambayo pande zote mbili zilipata nakala yake kwa wakati mmoja, na ambayo mwenye nguvu hakuweza kuiandika upya. Wanahistoria wa teknolojia huandika sana juu ya kasi ya fedha hizo. Nakala mbili zilistahili sura nzima.

Pamoja na hilo ulikuja mzigo ambao Simon aliueleza. Bei ya kobalti katika Soko la Metali la London ilipanda hadi karibu dola 95,000 kwa tani mwanzoni mwa mwaka 2018, ikaanguka chini ya 30,000 mwaka uliofuata, na mwezi Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kabla ya kuweka mgao kwa kampuni mwezi Oktoba. Habari hizo hufika machimboni siku hiyohiyo kupitia makundi ya WhatsApp, zikichanganyika na uvumi wa kufunguliwa shimo jipya, matangazo ya misiba, mahubiri ya sauti, picha za mawe yenye rangi na maonyo ya kufukuzwa na askari, na ni vigumu kwa msomaji kutenga la kweli. Hata ile ya kweli ina faida ndogo, kwa sababu bei ya London ni ya metali iliyosafishwa, nayo haimwambii mchimbaji kifaa cha depo kimesoma nini juu ya gunia lake. Kwa hiyo mchimbaji wa leo anajua habari za dunia kuliko karani wa Union Minière wa mwaka 1935, huku akikosa kipande kimoja cha taarifa ambacho kingemfaa kuliko vyote.

Hifadhi yenyewe ni dhaifu. Simu huanguka majini wakati wa kuosha madini, huibwa, hubadilishwa namba, na jumbe zilizokuwa ndani yake hupotea pamoja na mkopo uliothibitishwa nazo. Hati za plastiki si imara zaidi. Sensa ya mwisho ya nchi ilifanyika mwaka 1984, kadi ya taifa ya utambulisho imekosekana kwa miongo, na tangu uandikishaji wa mwaka 2005 kadi ya mpiga kura ndiyo inayotumika kama kitambulisho cha kila siku. Kadi zilizotolewa kabla ya uchaguzi wa mwaka 2023 zililalamikiwa kwa sababu maandishi yake yalififia baada ya muda mfupi, hata wengi wakalazimika kuzipiga picha kwa simu zikiwa zingali zinasomeka. Wanaojipanga vizuri zaidi, kwa kadiri mazoea ya Katanga yanavyoonekana, ni wale wanaochanganya njia: wanachama wa likelemba, yaani mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, huandika zamu katika daftari, hutuma fedha kwa simu, na hutamka hesabu mbele ya wanachama wote siku ya mkutano, ili daftari, ujumbe na masikio ya watu vithibitishane. Utaratibu wa namna hiyo unakaribiana na ule wa Mbudye kuliko wa ofisi ya kambi, kwa kuwa unahifadhi machache na kuyarudia mbele ya mashahidi.

Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka mchimbaji mdogo awe mwanachama wa chama cha ushirika kilichoidhinishwa, na kwa hiyo vyama hivyo vinalazimika kutunza orodha, kadi na namba, kama kampuni ilivyotunza matrikule. Orodha nyingine ya majina haitaongeza kitu kikubwa katika mji ulioandikwa kiasi hiki. Vyama vya ushirika na SAEMAPE vingefanya kazi iliyo bora zaidi kama vingeanza na stakabadhi ya kupimia yenye nakala mbili, inayotaja uzito, kiwango kilichosomwa na Metorex, bei na makato ya daftari, na kuhakikisha kwamba nakala moja inaondoka depo mikononi mwa timu iliyochimba.